Kibapa cha Mkiani

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, fomu ya ukaguzi wa pili ilikuwa juu ya meza yangu. Ilikuwa imejazwa yote, na sahihi iliyokuwa chini yake haikuwa yangu.

Niliisoma nikiwa nimesimama, mkoba bado begani. Kazi iliyofanyika: kubadilisha waya za kibapa cha mkiani. Aliyefunga: Bonge. Aliyekagua mara ya pili: mkuu wa karakana. Mahali ambapo mkaguzi huandika maneno mawili matatu, mkuu wa karakana alikuwa ameandika sentensi mbili kwa wino wa buluu na kuzipigia mstari: "Gurudumu likielekezwa pua juu, kibapa kinapanda juu. Nimehakikisha kwa macho yangu."

Sikuhitaji kuisoma tena. Nilitazama dirishani. Ndege yetu ilikuwa imeshafika mwisho wa barabara ya kurukia na ilikuwa ikigeuka kuukabili upepo. Ndani mlikuwa na watu wawili: rubani, ambaye ni mdogo wa mume wangu, na Bonge mwenyewe. Kama aliyoyaandika mkuu wa karakana yalikuwa kweli, ndege ile ingewazamisha wote wawili, na kadiri ambavyo wangejitahidi kuiinua ndivyo ambavyo ingewazamisha haraka zaidi.

Nitalieleza jambo lenyewe, kwa kuwa ni dogo na mtu yeyote anaweza kulielewa, isipokuwa, kama ilivyodhihirika, mkuu wa karakana.

Ndege haiinui pua kwa sababu rubani ametamani. Mkiani kuna bawa dogo lililolala, na ukingo wake wa nyuma umefungwa kwa bawaba, kama mlango uliolazwa. Mafundi huuita eleveta. Rubani akivuta usukani kifuani, eleveta inainuka, upepo unaigonga na kuusukuma mkia chini. Mkia ukishuka, pua inapanda. Hayo hata mkuu wa karakana anayajua. Lakini kuvuta usukani kwa saa nzima kunachosha mikono, kwa hiyo kwenye ukingo wa nyuma wa eleveta yenyewe pamewekwa kipande kingine, upana wa kiganja, urefu wa mkono: kibapa. Rubani anakiongoza kwa gurudumu dogo lililo kando ya kiti. Kibapa kikishuka, upepo unakisukuma juu, nacho kinaibeba eleveta kwenda nayo juu. Kidogo kinakwenda huku ili kikubwa kiende kule. Kwa hiyo gurudumu likielekezwa "pua juu", kibapa lazima kishuke. Kikipanda, kinafanya kazi ya adui.

Anayekitazama bila kufikiri atadhani kimefungwa kinyume. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo hapewi kalamu.

Mkuu wa karakana tunamwita Profesa. Jina hilo alilipata aliporudi kutoka kwenye kozi ya wiki tatu akiwa na cheti, ambacho amekiwekea fremu na kukitundika juu ya kizimamoto, hivi kwamba kukitokea moto mtu atasoma kwanza. Kila wanafunzi wa chuo wanapokuja kutembelea karakana, Profesa husimama chini ya bawa na kuwaeleza kwa nini ndege inapaa. Husema hewa inayopita juu ya bawa ina safari ndefu kuliko inayopita chini, kwa hiyo inakimbia, ili ikutane na mwenzake nyuma, kama wapenzi walioahidiana. Wanafunzi huandika. Hakuna aliyewahi kuiahidi hewa chochote. Ukiipitisha hewa yenye moshi kwenye bawa, utaona moshi wa juu unafika nyuma kabla ya ule wa chini, wala haumsubiri mtu. Bawa linaigeuza hewa na kuitupa chini, na hewa inalilipa bawa kwa kulisukuma juu. Nilimwambia hivyo mara moja, mbele ya wanafunzi. Alicheka, akasema, "Hakimu wetu huyu, hata mapenzi ya hewa anayavunja." Hakimu ndilo jina langu pale. Mkaguzi wa pili anahukumu kazi za wenzake, na mimi sijawahi kujitahidi kupendwa kwa ajili yake.

Yaliyotokea siku iliyotangulia niliyapata baadaye kwa Bonge, na kwa karani wa redio ambaye alikuwa akipita na mafaili. Bonge alikuwa amefunga waya kama kitabu kinavyoelekeza. Waya ni mbili, na aliyezibuni, kwa busara zake, alizipa ncha zinazofanana kama mapacha, kwa hiyo zinaweza kubadilishwa nafasi bila hata boliti moja kulalamika. Mimi nilikuwa nimetumwa uwanja mwingine kukagua tairi. Profesa hakutaka kunisubiri hadi asubuhi. Alipanda mwenyewe, akazungusha gurudumu kuelekea "pua juu", akachungulia mkiani na kuona kibapa kinashuka.

"Bonge! Hivi unalala huku umesimama?"

"Kuna nini bosi?"

"Nimesema juu, hiki kinaniendea chini. Umefunga kinyume."

"Bosi, kitabu kimechora hivyo. Hata picha ipo, tazama."

"Hicho kitabu umekishika kichwa chini. Juu ni juu. Mtoto wa chekechea anajua juu. Geuza."

Bonge aligeuza. Ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, mikono yake ni mizuri kuliko yote pale karakana, na aligeuza. Kuna watu wanaouita utii wa namna hiyo adabu. Mimi nauita uvivu wa kubishana. Baada ya hapo Profesa alikagua wazo lake mwenyewe, akaliona zuri, akalitilia sahihi.

Lipo jingine, nalo naliandika kwa sababu lilitokea. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo Bonge alikuwa amenijia na swali kuhusu mkazo wa waya nyingine. Nilikuwa na haraka. Nilimjibu mbele ya wenzake: "Wewe kaza nati, kufikiri niachie mimi." Walicheka. Tangu hapo hakuniuliza tena, na inaelekea hakuuliza mtu mwingine.

Pale karakana kuna desturi ambayo haimo katika kitabu chochote. Fundi aliyegusa mitambo ya kuongozea ndege hupanda nayo safari yake ya kwanza ya majaribio. Waliotutangulia waliona kwamba mkono utakaoruka hukaza boliti vizuri zaidi. Desturi hiyo inamhusu fundi tu, haimgusi aliyemwamuru. Profesa siku za majaribio huwa na kikao.

Kati ya meza yangu na chumba cha redio kuna hatua kama tisini, na kati ya hizo thelathini ni ngazi. Nilipofika, ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Karani wa redio alikuwa mezani pake na kipaza sauti mbele yake. Profesa alikuwa amekaa juu ya kona ya meza hiyohiyo, kikombe cha chai mkononi.

"Isimamishe," nilimwambia karani.

"Hakimu! Siku hizi watu huwa hawasalimiwi asubuhi?" alisema Profesa.

"Ndiyo hiyo inaondoka, dada," karani alisema. "Isimamishweje?"

Tuliitazama dirishani. Ndege ile ikiwa haina abiria huacha ardhi inapofika kwenye soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa ulio juu ya mlingoti. Iliipita soksi. Ilipita taa nne zaidi magurudumu yakiwa bado chini, ndipo yakaachia, pua ikiwa imelala kama ya ng'ombe anayetafuta nyasi. Ilikuwa saa moja na dakika kumi na tano.

Redio ilikoroma, ikatoa sauti ya shemeji yangu. Shemeji ni mtu anayevaa miwani ya jua mezani anapokuja kwetu kula Jumapili, na mama mkwe humtazama kama yeye ndiye jua lenyewe. Asubuhi hiyo karani alikuwa amemwona akiizunguka ndege kwa ukaguzi wa mwisho, simu sikioni, akicheka na mtu.

"Karakana, leo huyu mnyama ana pua nzito. Bonge kapakia mawe nini?"

Profesa alikuwa amekishika kipaza sauti kabla sijaifikia meza. "Usijali Kapteni, waya ni mpya hizo, zinabana kidogo. Mwongezee pua juu kwenye gurudumu, atakaa sawa."

"Sawa, namwongezea."

"Usimwambie hivyo," nilisema. "Kibapa umekigeuza."

"Nimekirekebisha."

"Umeandika kwa mkono wako kwamba kinapanda."

"Ndiyo. Juu ni juu."

Sauti ya shemeji ilirudi, na safari hii ilitoka kati ya meno. "Karakana, nimeongeza. Imezidi. Imezidi kuwa nzito."

"Ongeza tena!" Profesa alisema. "Na mwendo ongeza, ndege inabebwa na mwendo!"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndiyo hatari ya watu kama Profesa: hawakosei kila kitu. Bawa hubebwa na mwendo, lakini kibapa nacho hupata nguvu zake kutoka kwenye mwendo uleule. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo juu yake inaongezeka mara nne. Ongeza mwendo, na kile kinachokuzamisha kinanenepa.

Nilimtazama karani. Ni msichana mtulivu, mtoto wa dada yake Profesa. Alinitazama mimi, akamtazama mjomba wake, akauvuta waya wa kipaza sauti taratibu hadi chenyewe kikamtoka Profesa mkononi. Akanipa.

"Wewe mtoto!" Profesa alisema.

"Samahani mjomba."

Nilibonyeza. "Shemeji, ni mimi. Acha gurudumu, usilizungushe tena."

"Shem? Nani kakupa redio? Nipe Profesa."

"Kibapa kimefungwa kinyume. Ukizungusha juu kinakushusha."

"Shem, mimi ndiye niliye huku. Mshale hapa unaonyesha juu."

"Mshale unaonyesha gurudumu. Hauoni mkiani."

Hakuachia kitufe. Redio ilikuwa wazi, na tulisikia pumzi za watu wawili, nzito, za watu wanaosukuma gari matopeni.

"Bonge anafanya nini?" niliuliza.

"Anavuta na mimi. Tunavuta wote wawili kama tunang'oa kisiki. Futi mia tisa na hamsini. Mia tisa."

"Mwendo?"

"Mia na sitini."

"Punguza moto wa injini. Shuka hadi mia na kumi."

"Nipunguze? Nianguke? Shem, haya siyo ya jikoni haya!"

"Ataanguka! Huyu anamwangusha!" alisema Profesa nyuma yangu. Alikuwa ameshuka kwenye meza. Chai ilikuwa imemwagika kwenye suruali yake na hakuwa ameiona.

Si kawaida yangu kujibu matusi wakati wa kazi. "Ndege hiyo huacha kupaa ikishuka chini ya themanini," nilisema. "Una akiba ya themanini nzima. Ukifika mia na kumi uzito mikononi utapungua zaidi ya nusu. Usiniamini. Jaribu, uone mikono inakwambia nini."

Sidhani kama alijaribu kwa sababu nilisema. Nadhani mikono ilikuwa inamshinda. Dirishani tuliiona ndege ikiwa upande wa mashariki wa uwanja, chini kuliko inavyostahili, ikigeuka polepole sana. Vibapa vya ncha za mabawa, vile vya kuiinamisha ndege inapogeuka, vilikuwa vinafanya kazi yake: cha bawa la kulia kilishuka na kuliinua, cha kushoto kikapanda na kulilaza, na ndege ikainama kama inavyopaswa. Sehemu zote za ndege ile zilikuwa nzima. Ilikuwa inaharibiwa na kipande chenye upana wa kiganja na sentensi mbili zilizopigiwa mstari.

"Mia na ishirini," shemeji alisema. Kisha, bila kupenda: "Imepungua. Imepungua kidogo."

"Futi?"

"Mia saba. Bado inashuka. Bado pua inataka chini, Shem, mikono imekwisha."

"Sasa gurudumu. Lizungushe mbele, kuelekea 'pua chini'. Robo tu."

"Hapana."

"Robo."

"Pua iko chini tayari halafu niielekeze chini? Wewe una wazimu? Huko ni kutuzika!"

Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunifanya nimheshimu. Aliyefundishwa kwa mazoea hulipwa kwa mazoea. Maisha yake yote gurudumu lile lilikuwa limemtii, kwa hiyo hakuwahi kulazimika kujua kinachotokea upande wa pili wa waya. Alikuwa na mikono miwili kwenye usukani na hakuwa na mkono wa tatu. Wa tatu ulikuwa wa Bonge.

"Bonge, unanisikia?"

"Nakusikia, Hakimu." Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Jana ulizigeuza waya?"

"Nilizigeuza. Bosi aliniambia."

"Mwongo huyo!" alisema Profesa. "Nilimwambia arekebishe, sikumwambia ageuze!"

"Bonge, zungusha gurudumu mbele," nilisema.

"Ukiligusa hilo nakutupa nje!" shemeji alipiga kelele. "Bonge! Mimi ndiye kapteni humu! Ukiligusa tutazama!"

Bonge hakuligusa. Niliweza kumwona kama niko naye: mtu mzima wa kilo mia na kumi, katikati ya sauti mbili, akisubiri kujua ipi ni kubwa zaidi. Jana aliifuata iliyokuwa kubwa zaidi. Nikiipandisha yangu ingekuwa kelele nyingine tu, na shemeji alikuwa karibu yake kuliko mimi. Kwa hesabu yangu walikuwa wameshafika futi mia sita.

Niliishusha sauti.

"Bonge, achana nami. Achana na kapteni vilevile. Wewe ndiye uliyekuwa na waya mkononi, hakuna mwingine. Kapteni kazungusha gurudumu nyuma, karibu yote. Niambie wewe, kibapa sasa hivi kiko wapi?"

Pumzi. Injini. Karani alikuwa ameuma kofia ya kalamu.

"Waya ya kushoto ndiyo inavuta," Bonge alisema. Alikuwa anaongea peke yake, kama anavyoongea akiwa chini ya ndege na tochi mdomoni. "Ya kushoto jana niliipeleka juu. Ikivutwa... kinapanda. Kiko juu, Hakimu. Kiko juu kabisa. Ndicho kinachotuzamisha."

"Basi?"

"Basi kishuke."

"Bonge, nakuapia—" alisema shemeji.

"Kapteni, shika usukani," Bonge alisema. "Nalizungusha mbele. Mambo ya kunitupa tutayaongea chini."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na sita. Tulisikia shemeji akitoa sauti ambayo sitaieleza, kwa kuwa yuko hai na ana watoto. Kisha nilihesabu sekunde tano kwenye saa ya ukutani.

"Eh," shemeji alisema.

"Robo nyingine," nilisema.

"Eh. Inapanda. Shem, inapanda!"

"Bonge, endelea kidogo kidogo. Kapteni, mwambie aache pale ambapo usukani utakaa wenyewe bila kuvutwa."

"Tena... tena kidogo... hapo! Hapo! Acha hapo!" Alicheka, kicheko chembamba. "Nashika kwa vidole viwili. Futi mia saba, mia saba na hamsini."

"Asiliguse mtu tena hadi mzime injini. Flapu za mabawa usiteremshe. Ukiziteremsha pua itabadilika uzito, mkono wako utakimbilia gurudumu, nao utakwenda upande wa mazoea. Kaa na mia na kumi hadi uione barabara yote mbele yako, kisha njoo. Utatua kwa kasi na utatumia barabara yote. Ipo ya kutosha."

"Nimekupata." Kisha akaongeza, kwa sauti yake ya Jumapili iliyokuwa inarudi mapema mno: "Nilikuwa karibu kulifikiria hilo hilo, Shem."

"Bila shaka," nilisema.

Profesa alikuwa ameketi sasa, kwenye kiti, kama watu wengine. Alifuta paji la uso kwa leso. Kisha nilimsikia akimwambia karani, taratibu, kama imla: "Andika. Saa moja na nusu. Baada ya mkuu wa karakana kugundua hitilafu ya kiwandani, ushauri ulitolewa kwa rubani kwa njia ya redio..."

"Mjomba," karani alisema.

"Andika, mama."

"Mjomba, redio inarekodiwa. Hata pale uliposema 'ongeza tena'. Yote yamo."

Profesa aliitazama mashine, kijitaa chake chekundu, kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Alikuwa ameketi karibu nayo kila asubuhi kwa miaka sita.

"Hivi kinapaswa kushuka kweli?" aliniuliza. Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anauliza.

Nilikuwa na jibu refu na fupi. Nilichukua rula mezani, nikaishika ncha moja kwa vidole viwili ili icheze juu na chini kama eleveta, nikabandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye ncha ya pili na kukikunja kuelekea chini. Niliisogezea feni ya mezani. Rula iliinuka. Nilikikunja kipande kuelekea juu. Rula ilishuka. Nilitumia sekunde kama ishirini. Kozi yake ilikuwa ya wiki tatu.

"Sasa kwa nini hukunieleza hivyo siku zote?" alisema.

Niliirudisha rula mezani. Lilikuwa swali la kijinga, nalo lilinihusu mimi.

Ndege ilikuja kutoka upande wa magharibi saa moja na dakika arobaini na moja. Ilikuwa na kasi, pua imesawazika, mabawa yametulia. Bila flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, bawa huwa jembamba na linateleza; halitaki kutua, na mtu asiyelijua atalilazimisha. Shemeji hakulilazimisha. Hilo nalikubali. Aliiacha ielee juu ya barabara, mita moja, nusu mita, ikipita soksi, ikipita taa, hadi bawa lenyewe lilipochoka. Magurudumu ya nyuma yaligusa saa moja na dakika arobaini na tatu, ikiwa imebaki theluthi moja ya barabara. Breki zilitoa moshi. Ilisimama mita chache kabla ya mstari mweupe wa mwisho.

Karani alilia kidogo, akaandika saa.

Nilishuka ngazi na kuvuka uwanja kwa miguu. Gari la zimamoto lilikuwa limetangulia, na watu wake walikuwa wamesimama kando wakiwa hawana la kuzima. Injini ya kulia ilizimwa saa moja na dakika hamsini, ya kushoto muda mfupi baadaye. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Bonge alishuka wa kwanza, akishika reli kwa viwiko kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki. Alinipita bila kunisalimia, akaenda moja kwa moja mkiani, akakiinamia kibapa.

"Hakimu," aliita bila kugeuka. "Njoo nikuonyeshe."

Nilikwenda. Alinionyesha, waya hadi waya, mahali kila moja ilipopaswa kuwa na mahali alipoipeleka, na kwa nini. Alikuwa sahihi katika kila neno. Nilimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, kisha nikamuuliza maswali mawili, akayajibu.

Shemeji alibaki kitini, miwani mfukoni, mikono yote miwili ikiwa juu ya usukani wa ndege iliyozimwa. Alishuka saa mbili na dakika tano.